Nani Anawiwa? Mazungumzo ya Tukuyu Kuhusu Neno "Shall"

Haya ni maneno niliyoyasema Tukuyu, mbele ya makatibu wa vikundi vya wakulima wa parachichi na chai, pamoja na vijana wa kidato cha nne walioletwa na walimu wao. Wengi wameniomba niyaandike. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Mahali mvua iliponikatiza nimeruka, kwa sababu mvua ya Tukuyu ikishapiga bati hakuna msemaji.

Mheshimiwa Diwani, Mama Mwenyekiti, walimu wenzangu, mama zangu na baba zangu, vijana wangu, itifaki imezingatiwa. Mugonile. Na wale waliotoka upande wa Njombe na Iringa, maana nimewaona pale nyuma na makoti yao mazito, kamwene.

Katibu aliponipigia simu aliniambia nije nipitie Kiingereza cha mikataba, "maneno yote magumu, Mwalimu, saa moja inatosha". Saa moja haitoshi hata kwa mkataba mmoja. Nimekuja na neno moja tu, lenye herufi tano. Ni kitenzi, na ni kitenzi cha suti na tai, hukikuti sokoni. Kinaandikwa "shall".

Nilipokuwa nafundisha Mufindi, wanafunzi wangu wa kidato cha pili walikuwa wakilisoma "sheli". Kila nikiwasahihisha wanacheka, kwa sababu sheli wanaijua, ni pale barabarani malori yanapojaza mafuta. Nilikuwa nakasirika. Siku hizi naona heri wao waliolitamka vibaya kuliko mimi niliyelitamka vizuri nisijue lina nini ndani.

Nianze na aibu yangu, niitue mapema.

Baada ya kustaafu niliweka meza yangu pembeni mwa steshenari moja Mwanjelwa, mjini Mbeya. Naandika barua za watu, nachapa, nafasiri. Jioni moja vijana wawili wa kikundi cha wakulima wa huku Rungwe waliniletea mkataba wa kuuza parachichi, kurasa sita, Kiingereza kitupu. Wanataka Kiswahili chake kabla ya asubuhi, maana asubuhi ndiyo kusaini. Umeme ulikuwa umekatika. Niliandika kwa mkono, simu nimeiegemeza kwenye kikombe inimulike, na alfajiri umeme uliporudi nikachapa.

Kifungu kimoja kilisema mkulima "shall not sell" matunda yake kwa mtu mwingine. Nikaandika: Mkulima hatauza matunda kwa mtu mwingine. Kifungu kilichofuata kilisema mnunuzi "may collect" matunda shambani ndani ya siku tatu tangu yachumwe. Nikaandika: Mnunuzi atachukua matunda shambani ndani ya siku tatu. Wala sikusita. Hatauza, atachukua. Nilizisoma sentensi zile kwa sauti nikaziona zimekaa sawa, kama maksai wawili kwenye nira moja.

Msimu ukafika, watu wakachuma. Ninyi mnaolima parachichi za Hass mnajua kuliko mimi kwamba tunda lile haliivi mtini. Unalichuma gumu, la kijani, unaliachia kikonyo kifupi, unalilaza kwenye kreti kivulini, na tangu hapo linaanza safari yake ya kuiva, uwe na gari usiwe na gari. Siku ya tatu gari halikuja. Ya tano halikuja. Siku ya tisa mama mmoja alishuka Mwanjelwa na ndoo ya plastiki, akaitua juu ya meza yangu, juu ya karatasi za watu. Akatoa tunda moja. Lilikuwa jeusi na ngozi imelegea kama soksi. Akaliwekea kidole gumba, kidole kikazama chote mpaka kwenye kifundo. Kikonyo kikadondoka chenyewe, na pale kilipokuwa pakabaki kitundu chenye ukungu mweupe.

Hakunigombeza, na hapo ndipo niliposhindwa hata kukaa. Alitoa ile karatasi yangu, imekunjwa mara nne, akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, hapa umeandika atachukua. Tumewapigia. Wanasema kwenye karatasi yao hakuna atachukua, kuna neno jingine. Ni neno gani hilo?"

Neno lilikuwa "may". Maana yake akitaka achukue, asipotaka aache. Na ukurasa wa sita kulikuwa na kifungu ambacho, kwa kejeli ya Mungu, nilikifasiri bila kosa lolote: nakala hizi mbili zikitofautiana, ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Kwa hiyo mkulima alifungwa asiuze kwingine, na mnunuzi hakufungwa kuja. Kamba ilikuwa shingoni mwa mmoja, na mimi ndiye niliyewaambia watu kwamba wamefungwa wote wawili.

Yule mama alikuwa na kreti kumi na nne. Sitasahau, kwa sababu nilimuuliza, na alipojibu nilitamani nisingeuliza.

Tangu siku ile nimelifuatilia neno hili kama mtu anavyomfuatilia mwizi wa kuku wake. Niwaeleze nilichokuta.

Kiingereza kina vitenzi viwili vya kusemea mambo ya kesho: "will" na "shall". Shuleni tulifundishwa, nasi tukawafundisha ninyi, kwamba vyote viwili ni "ta". "I will go", nitakwenda. "I shall go", nitakwenda. Kengele imelia, nendeni mkale. Tulichosahau kuwaambia ni kwamba vitenzi hivi vimezaliwa nyumba tofauti. "Will" kwa asili ni kutaka. Ndiyo maana mpaka leo wosia wa marehemu Waingereza wanauita "will", kwa kuwa umebeba matakwa yake. "Shall" kwa asili ni kudaiwa. Katika Kiingereza cha kale, cha miaka 1,000 na zaidi iliyopita, ungeweza kumuuliza mtu anadaiwa kiasi gani ukatumia kitenzi hiki peke yake, kimesimama bila kitenzi kingine cha kukiegemea. Baadaye kikaanza kuegemea vitenzi vingine: nadaiwa kwenda, nadaiwa kulipa. Mwisho deni likafifia watu wakasikia wakati ujao tu. Lakini wanasheria hawakulisahau. Wanasheria hawasahau madeni.

Kijerumani ni ndugu wa Kiingereza, na huko undugu huu unaonekana waziwazi. Wana kitenzi "sollen", kupaswa, na wana jina la ukoo huo huo, "Schuld", ambalo ni deni na papo hapo ni hatia. Wajerumani hawa ndio waliokaa hapa kilimani, mji huu wakauita Neu Langenburg. Wamisionari wao, Wamoravian na wale wa Berlin, walifika Unyakyusa mwaka 1891, na katika Sala ya Bwana walikuwa wakiomba wasamehewe "Schuld" yao. Nasi tukifungua Mathayo sita tunakuta "utusamehe deni zetu". Wenzetu Wakatoliki wanasali "makosa yetu". Deni kwa huyu, kosa kwa yule, na wote wanaomba kitu kimoja. Mtu akiniuliza "shall" ina ladha gani, ninampeleka kwenye sala hiyo.

Sasa tugeukie kwetu. Vijana, nisaidieni. Mtu ambaye atakuja kesho. Fupisheni mseme kwa neno moja.

(Ukumbi: "Atakayekuja!")

Vizuri. Nilisema "atakuja", ninyi mmesema "atakayekuja". Hiyo "ka" mmeitoa wapi? Hakuna aliyewafundisha kuichomeka, imetoka yenyewe. Itamkeni polepole: a-taka-ye-kuja. Mmeiona? Ni "taka". Ile "ta" yetu ya wakati ujao ni kitenzi kutaka kilichochakaa mpaka kikabaki silabi moja, na tukiweka kirejeshi, ile "ye" ya "ambaye", kinaturudishia sura yake ya ujana. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na mbili, na kila siku nilikuwa naisema "atakayekuja" nisiione.

Basi mnaona tulipofika. "Ta" ni ndugu wa "will", maana wote wawili wametoka kwenye kutaka. "Shall" ana baba mwingine. Ukiandika "Mnunuzi atalipa" mahali Kiingereza kilipoandika "shall pay", umetoa deni umeweka hamu. Na hamu ya mtu mnaijua. Fundi cherehani akikuambia "nitamaliza Ijumaa", unasikia nini? (Kicheko.) Unasikia kwamba anapenda iwe Ijumaa. Akikuambia "nitakutafuta", wewe mwenyewe unajua kwamba hapo mmeshaagana.

Namwona Mwalimu wa Uraia pale anataka kunyoosha kidole. Ngoja nimtangulie. Atasema: mbona Katiba yetu ya 1977 imeandikwa kwa "ta"? Ni kweli. Ibara ya 33 inaanza: "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano." Mjukuu wangu alinisomea ibara hiyo, akainua uso akaniuliza, "Babu, lini?" Mtoto alisikia utabiri. Na Kiingereza chake hapo ni "shall".

Jibu langu kwa Mwalimu ni hili. "Ta" inaweza kubeba amri, tena amri nzito, ila inategemea sauti inayoisema. Mama akiweka sahani mezani akasema "utakula huo ugali", hakuna mtoto anayedhani mama anatabiri. Katiba nayo ina sauti ya namna hiyo, nchi nzima iko nyuma yake. Mkataba wa parachichi hauna mama. Ni watu wawili waliokutana juzi, na karatasi haiwezi kukukazia macho.

Sheria zenyewe zimeliona tatizo hili zikaliwekea uzio. Tuna Sheria ya Tafsiri za Sheria, ile ya sura ya kwanza kabisa katika vitabu vya sheria za Tanzania. Kifungu chake ambacho kwa miaka mingi tumekijua kuwa cha 53 kinasema hivi, kwa maneno yangu: sheria ikitumia "may" kumpa mtu mamlaka, mtu huyo ana hiari ya kuyatumia au kutoyatumia, ikitumia "shall" kumpa kazi, kazi hiyo sharti ifanyike. Ni mistari michache tu. Laiti ningekuwa nimeisoma kabla ya usiku ule wa simu na kikombe. Kifungu hicho kinahusu sheria zilizotungwa, si kila mkataba wa shambani, lakini mwanasheria aliyeandika mkataba wako ndivyo alivyolelewa, na ndivyo kalamu yake inavyotembea.

Msije mkadhani mambo ni mepesi hivyo. Mahakama ya Rufani, ikizungumzia Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, imeshasema kwamba "shall" ndani ya sheria hiyo si amri isiyopindika kila inapotokea. Husomwa pamoja na kifungu kingine kinachosema kasoro ya utaratibu haitengui hukumu mpaka iwe imesababisha haki kupotea. Kwa hiyo hata "shall" ya sheria huulizwa: ikikiukwa, nani ameumia?

Na wenzetu wa Kenya wana kisa chao. Katiba yao ya 2010 inasema katika vyombo vya kuchaguliwa watu wa jinsia moja "shall" wasizidi theluthi mbili. Amri, sivyo? Desemba 2012 Mahakama ya Juu, kwa wingi wa majaji, ikashauri kwamba jambo hilo litatekelezwa hatua kwa hatua, na sheria yake iwe imetungwa ifikapo tarehe 27 Agosti 2015. Tarehe ikapita. Septemba 2020 Jaji Mkuu wao akamshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Bunge halikuvunjwa. Deni limeandikwa kwenye Katiba, na bado wanatafutana na mdaiwa.

(Hapa mvua ilipiga, tukakaa kimya kama dakika kumi. Mtu mmoja alitumia nafasi hiyo kugawa chai, na ilikuwa chai ya kweli, ya hapa hapa.)

Nilikuwa wapi? Ndiyo. Waingereza wenyewe neno hili limewasumbua. Mwaka 1653 mtu mmoja anaitwa John Wallis aliandika sarufi ya Kiingereza kwa Kilatini, ili wageni wajifunze. Akaweka kanuni: ukijisemea mwenyewe, "shall" ni kutabiri tu na "will" ni kuahidi, ukimsemea mwingine, mambo yanageuka, "will" ndiyo kutabiri na "shall" ndiyo kuahidi au kutisha. Kanuni hiyo ilitesa watoto wa shule karne nzima na nyingine. Wana kichekesho cha zamani juu yake. Mgeni ametumbukia mtoni anapiga kelele kwamba atazama na hakuna atakayemwokoa. Lakini kwa kuwa amepachika "will" na "shall" mahali pasipo pake, wapita njia wenye adabu zao wamesikia: nimeamua kuzama, na ole wake atakayeniokoa. Wakamwachia uamuzi wake. Sijui kama kilichekesha London. Darasani Mufindi hakikumchekesha mtu hata mmoja, nikabaki nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Ninyi wa kidato cha nne kanuni hiyo mnaitumia bila kujua. Kwenye barua za kuomba kazi mnaandika "I shall be grateful". Hapo hakuna anayedaiwa chochote, ni adabu tu, nitashukuru. Iacheni ilivyo, ni salama. Na mtu akisimama mlangoni akasema "Shall we?" maana yake ni twende, jamani, au tuanze. Angalieni Kiswahili kilivyojibu: hakikutumia "ta", kimetumia ile "e" ya mwisho, twende, tuanze, nifungue? Kwenye swali, "shall" inaomba ruhusa, nasi tuna sauti ya kuombea ruhusa tangu zamani. Nalipita hilo haraka, halijawahi kumwozea mtu matunda.

Wengine wameamua kulitupa kabisa. Afrika Kusini walipoandika Katiba yao ya 1996 waliweka "must" mahali ambapo wengi wangeweka "shall". Marekani, kanuni za mashauri ya madai katika mahakama zao za shirikisho ziliandikwa upya, zikaanza kutumika Desemba 2007, na "shall" ikaondolewa. Sababu yao ni kwamba neno moja lilikuwa linafanya kazi nyingi mno, mara amri, mara ruhusa, mara wakati ujao tu, na mawakili walikuwa wanalipwa kwa kubishana ni ipi. Mimi naona walifanya vizuri. Lakini mikataba inayoletwa Rungwe bado imejaa neno hili, kwa hiyo kulitupa kwao hakutusaidii sisi leo.

Kwa hiyo tufanyeje? Nina kipimo nilichojitengenezea pale mezani Mwanjelwa. Kila ninapokutana na "shall" ninaitoa, naweka "anadaiwa". Mnunuzi anadaiwa kulipa ndani ya siku saba. Inakubali? Inakubali. Basi hilo ni deni, na Kiswahili chake kiwe na uzito wa deni: sharti alipe, lazima alipe, ana wajibu wa kulipa, hana budi kulipa. Sasa jaribu hii nyingine: Mkataba huu unadaiwa kuanza tarehe mosi. Imekataa. Mkataba haudaiwi na mtu. Hiyo "shall" ni ya mazoea, andika mkataba unaanza tarehe mosi, yatosha. "Neno 'matunda' shall mean parachichi za aina ya Hass." Neno linadaiwa nini? Andika maana yake ni. "Mkulima shall have the right kukagua mizani." Hapo hata usiweke wajibu, hiyo ni haki yake, andika ana haki. Kurasa sita zinaweza kuwa na "shall" thelathini, na ukizichambua hivi unakuta nyingine ni mapambo matupu. Zinazobaki ndizo za kukaa nazo.

(Hapa kijana mmoja wa nyuma alinyoosha mkono. "Mwalimu, 'mnunuzi anadaiwa kulipa', si maana yake inasemekana amelipa? Kama kwenye gazeti, 'anadaiwa kuiba ng'ombe'." Ukumbi ukavunjika mbavu.)

Kijana, simama watu wakuone. Umenikamata, na nimefurahi. Ni kweli, magazeti yetu yameligeuza neno hilo. Anadaiwa kuiba ni anasemekana ameiba, kuna watu wanadai hivyo. Kwa hiyo "anadaiwa" ni kipimo cha kichwani mwako tu, usithubutu kukiandika kwenye mkataba. Mnunuzi atakuambia ndiyo, nadaiwa kulipa, lakini hizo ni tuhuma. (Kicheko.)

Lakini umenipa daraja la kuvukia, maana kuna neno safi zaidi na tumelisahau. Wazee wa kanisa, Warumi moja, mstari wa kumi na nne, Paulo anasema nini? "Nawiwa na Wayunani na wasio Wayunani." Nawiwa. Nina deni kwao. Na sura ya kumi na tatu, "Msiwiwe na mtu cho chote, isipokuwa kupendana." Kuwia, kuwiwa. Hili halikuja na jahazi kama deni, lazima, sharti na wajibu, ambayo yote tumeyachukua kwa Waarabu tukayafanya yetu. Hili ni letu la tangu mwanzo, na ndani yake mna watu wawili siku zote: anayewia na anayewiwa. Hutaweza kusema "nawiwa" bila mtu kukuuliza, na nani?

Hapo ndipo "lazima" inaponipa shida kidogo, pamoja na kwamba naitumia kila siku. Lazima haina mwenyewe. "Lazima matunda yachukuliwe." Na nani? Haisemi. Nimeona mikataba ya Kiswahili, tena imeandikwa na watu waliosoma, imejaa lazima na haionyeshi nani atakayeshikwa shati gari lisipokuja. Kiingereza nacho kina ugonjwa huo huo, "the fruit shall be collected", matunda yatachukuliwa, kana kwamba yana gari lao. Ukikuta sentensi ya namna hiyo usiende kwenye kitenzi kwanza. Uliza nani. Ukishampata jina lake, kitenzi kitajipanga.

Tangu mwaka 2021 sheria yetu imebadilishwa, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ndicho lugha ya mahakama. Mahakama ya Mwanzo mmekuwa mkisikia Kiswahili siku zote, lakini huko juu kumbukumbu zilikuwa za Kiingereza. Watu wameshangilia, nami nimeshangilia. Ila mezani kwangu naona kazi inavyofanyika. Wafasiri wako mbioni, kurasa ni nyingi, na "shall" zote zinageuzwa kuwa "ta" kwa mkupuo mmoja, jinsi nilivyofanya mimi usiku ule. Baadhi ya hizo "ta" zitakutana na gari ambalo halikuja.

Mtaniuliza yule mama ilikuwaje. Sikumlipa kreti kumi na nne, sina uwezo huo. Nilimrudishia fedha yake ya kufasiri, akaikataa, akasema fedha ile ilitoka kwa kikundi si kwake. Msimu uliofuata kikundi chake kilileta mkataba mpya kwangu. Kwangu tena! Nilikaa nao siku mbili, sentensi kwa sentensi, na tukamwandikia mnunuzi kwamba "may" ya kifungu kile ibadilishwe. Walibishana naye wiki nzima, akakubali kwa sharti kwamba siku tatu ziwe tano. Neno moja kwa siku mbili za kivulini. Waliona wamefaidi, na mimi naona hivyo.

Sasa Mama Mwenyekiti ananiambia hapo mbele mna mkataba wa msimu huu haujasainiwa. Naomba nakala mbili, na kila katibu atoe kalamu mbili za rangi tofauti. Kila "shall" ya mkulima ipigieni mstari mwekundu, kila "shall" ya mnunuzi mstari wa bluu, na kila "may" izungushieni duara. Zile za mapambo ziacheni.

(Tulikaa kwenye kazi hiyo karibu saa nzima, vijana wa kidato cha nne wakisoma na makatibu wakipiga mistari. Nyekundu zilitoka kumi na moja. Bluu nne. Duara sita, na tano kati ya hizo zilikuwa za mnunuzi. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Halafu bibi mmoja aliyekaa jirani na dirisha, ambaye Kiingereza hajui hata salamu, akaomba karatasi aione, akaziangalia zile rangi, akasema kwa Kinyakyusa jambo ambalo sikulifasiri wala sikuombwa kulifasiri.)

Ndaga fijo. Mimi nimemaliza.

Mama Mwenyekiti alisimama kunishukuru. Alisema maneno mazuri, mengine sistahili, kisha akamalizia: "Na nauli ya Mwalimu ya kurudi Mbeya itatolewa."

Mzee mmoja wa mstari wa mbele, ambaye muda wote nilidhani amesinzia, akainua fimbo yake. "Ta ipi hiyo, Mwenyekiti?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika kuta. Mwenyekiti naye alicheka, akajifuta macho kwa pembe ya kitenge, akasema, "Haya. Kikundi kinawiwa na Mwalimu nauli ya kosta." Akamwita mweka hazina, kasha likafunguliwa pale pale mezani, noti zikahesabiwa mbele ya watu wote, na mvua ikaanza tena.